Sura Iliyomtukana Jirani

Mume wangu Mudrik aliandika kitabu cha sarufi kwa miaka kumi na tisa, na alipokimaliza, macho yake nayo yakamaliza kazi. Kwetu Baghdadi kitabu hakihesabiki mpaka kisomwe kwa sauti mbele ya aliyekiandika, neno kwa neno, yeye akisahihisha, kisha atie mkono mwishoni kwamba amekisikia. Kisiposomwa, karatasi zake huishia kufungia sambusa.

Wanafunzi wake walikuwa wameshahamia kwa waziri, kwenye vyakula vizuri. Mimi nasoma kwa kudonoa kama kuku. Angekufa tukiwa bado kwenye dibaji. Aliyebaki wa kuuweza mwandiko ule ni jirani yetu wa ukuta mmoja, Sabrishu, Mkristo anayefundisha mantiki ya Wayunani. Na hao wawili walikuwa hawasemezani mwaka wa sita.

Waligombana mbele za watu. Sabrishu alidai mantiki ndiyo mizani ya maana, na maana ni moja kwa binadamu wote; sarufi kazi yake matamshi tu. Mume wangu akamjibu kwamba maana haitembei uchi, huvaa lugha ya watu wake, na hiyo mantiki ni sarufi ya Wayunani iliyopotea njia. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo sinia za chakula zilizokuwa zikipita juu ya ukuta zikakoma. Nililia, na sikufichi, nililia jibini la mke wa Sabrishu.

Basi nikamwendea Sabrishu, nikamwambia mume wangu ameapa kwamba hakuna mtu wa mantiki awezaye kusoma kurasa tano bila kuteleza. Nikarudi nyumbani nikasema Sabrishu anavumisha kuwa wanasarufi huogopa kusomewa na mtu mwenye akili. Mungu anisamehe. Walikuwa wanayawaza hayo. Mimi niliwasemea tu.

Asubuhi yake Sabrishu akaja na uso umekunjamana, akakaa, akasoma. Akiteleza, Mudrik anagonga mkeka kwa kidole. Siku ya nne msomaji akanyamaza katikati.

"Baba Najda," akamwita mume wangu kwa jina la mtoto wetu, "hapa umekubali jambo ulilolikataa ukurasa wa nyuma."

Mume wangu akawaza mpaka supu ikapoa. "Rekebisha," akasema. "Wewe ndiye mwenye macho."

Ikabaki sura ya nane. Nilijua kilichomo: kurasa kumi na mbili za kumsema Sabrishu, humo akiitwa punda aliyebebeshwa mizani. Siku hiyo Mudrik hakugusa chakula. Akamwomba jirani airuke. Sabrishu akamjibu kwamba kisichosomwa hakisahihishwi, akaisoma yote, na punda wake, bila kuteleza popote. Kidole cha mume wangu kilikaa juu ya mkeka bila kugonga.

"Ifute," akasema.

"Sifuti. Hoja ya tatu imeninyima usingizi miaka sita. Ukiifuta, uzeeni nitabishana na nani? Na Mama Najda?"

"Basi punda."

"Punda mtoe."

Wakacheka mpaka wakakohoa. Kisha Mudrik akauliza ni kweli alisema wanasarufi waoga? Sabrishu akashangaa: nani kasema? Nyuso mbili zikanigeukia. Nikakumbuka chungu changu jikoni.

Siku ya kumi na moja Sabrishu aliushika mkono wa mume wangu, akauweka pale wino unapotakiwa. Mistari ikapanda na kushuka, lakini inasomeka. Hata mimi niliidonoa: *Amenisomea Sabrishu, jirani yangu, nami nimemsikia.*

Jioni mkono wa mkewe ukatokea juu ya ukuta na sinia. Jibini.