Swichi ya Darasa la Jirani

Kicheko kilipenya ukuta tena, na chaki ikamkatikia Mama Chaki mkononi. Alikuwa akichora moyo wa binadamu ubaoni, mishipa minene juu, vyumba vinne chini, bluu upande huu, nyekundu upande ule. Mchoro huo ndio uliompa jina. Miaka nenda miaka rudi, wanafunzi wa madarasa mengine walikuwa wakija kuuchungulia dirishani.

Siku hizi dirisha la kuchunguliwa lilikuwa la jirani. Mwalimu Mgeni, kijana aliyehamia muhula huu, alikuwa na projekta, na moyo wake ulidunda ukutani mzimamzima, damu ikiingia na kutoka.

Hilo angelimeza. Lililomkaba ni kwamba binti yake mwenyewe alipangwa kwenye darasa la kijana yule. Jana mezani msichana hakufunga mdomo.

"Mama, unaziona vali za moyo zikifunguka kabisa. Usipoelewa, mwalimu anairudisha video nyuma."

"Kula, chakula kinapoa."

"Si na wewe uombe projekta yako?"

"Mimi nina mikono," alijibu, akaondoa sahani ambayo mtoto hakuwa ameimaliza.

Sasa aliwaachia wanafunzi wake kazi ya kunakili mchoro, akatoka koridoni. Pale katikati ya milango miwili palikuwa na kiboksi cha umeme, kila darasa na swichi yake. Alitazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akaizima ya jirani.

Muungurumo wa mashine ukafa. Watoto wakaguna. Mama Chaki alijibanza ukutani, masikio wazi. Bila kidude chake, mtoto wa watu atasema nini? Alitamani kumsikia akibabaika, akigonga meza, akiomba utulivu asioupata.

"Haya, umekatika," ilisema sauti ya kijana, bila haraka. "Kila mmoja amshike jirani yake mkono, hapa chini ya kidole gumba. Msiseme kitu. Mnausikia mpigo?"

Darasa lote likanyamaza. Kilikuwa kimya cha watoto wanaosikiliza, na yeye kimya cha namna hiyo hakuwahi kukipata bila kutisha mtu. Kisha sauti aliyoijua kuliko zote ikauliza polepole, "Mwalimu, wake unakimbia kuliko wangu. Kwa nini?"

"Umeuliza vizuri. Tufikirie wote."

Hakuna aliyeulilia umeme. Mashine angeweza kuichukia mpaka astaafu, wala isingemuumiza. Lakini hili? Aliinua mkono airudishe swichi, aondoke zake.

Mlango ukafunguka. Binti yake akatoka.

"Mwalimu," alisema, kwa kuwa shuleni hawakuitana mama na mwana, "nimetumwa niulize kama na huku umeme umekatika."

Mkono wa mama ulikuwa bado kwenye kiboksi. Mlango wa darasa lake ulikuwa wazi, na taa zote za darini zilikuwa zinawaka. Msichana alizitazama zile taa. Halafu akautazama mkono.

"Rudi darasani," mama alisema.

Msichana hakusogea. "Nimwambieje?"

Ndani, kwa sauti za chini, wenzake walianza kuhesabu mapigo.