Moto wa Miguu ya Sjur

Jumanne moja, Sjur Haugli alikuwa akimenya viazi jikoni kwake, mjini Røros, miguu yake ilipoanza kuwaka tena. Mkewe, Ragnfrid, akaweka birika la kahawa juu ya goti la kulia, kwa kuwa goti hilo lilichemsha upesi kuliko jiko. Kahawa ikachemka, wakanywa.

Miaka minne ilikuwa imepita tangu Sjur, fundi wa kuezeka, alipoteleza kwenye paa lenye barafu akavunjika uti wa mgongo. Msimamizi alikuwa amesema kamba za usalama zinapoteza muda. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia tena sindano, maji baridi, wala kucha za paka. Alisikia moto tu. Kilibaki kipande kimoja cha ngozi kilicho kizima, ukubwa wa kiganja, kwenye paja la kushoto. Hapo ndipo Ragnfrid alipozoea kuweka mkono wakisikiliza redio.

Mtathmini wa bima alikuja mwezi wa pili, mama mpole, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Aliota moto wa miguu ya Sjur mpaka vidole vikarudiwa na rangi, akashukuru, kisha akaandika kwamba asiyesikia sindano hawezi kusikia maumivu.

"Lakini mama, si umeota mwenyewe?" Ragnfrid akamwuliza.

"Nimeota, na nimeshukuru. Ila fomu haina mahali pa joto."

Daktari Ingvild Tveit, mpasuaji wa hospitali ya mjini Trondheim, ndiye wa kwanza kuwauliza maswali. Alitaka kujua moto huanzia kidole kipi, na kama hupungua Sjur akicheka. Akaeleza kwamba angefungua mgongo na kuunguza, kwa sindano nyembamba, vile vijisehemu mishipa ya fahamu inapoingilia uti wa mgongo. Wengi wa aliowapasua walipata nafuu. Wengine hawakupata kitu. Na kile kipande cha paja huenda kikafa, kisirudi.

"Na moto wenyewe huenda wapi?" Sjur akauliza.

Daktari akasema, "Sijawahi kuufuata. Ningependa kujua."

Wiki mbili Sjur hakuamua. Siku ya kumi na tano akamwuliza mkewe yeye angefanyaje.

"Mimi siungui," Ragnfrid akasema. "Ila hicho kipande ni changu pia. Usikitoe bila kuniuliza."

"Ndiyo nakuuliza, mke wangu."

Ragnfrid akauweka mkono pale, akaukalisha muda mrefu.

"Nenda," akasema. "Nitatafuta pengine pa kuuweka."

Sjur alipasuliwa mwezi wa nne. Alipozinduka miguu ilikuwa ya baridi, na maumivu yaliyobaki yalikuwa mwasho mdogo tu, kama wa soksi za sufu. Kipande cha paja kilikuwa kimekufa. Nyumbani alilala mchana kutwa siku tatu mfululizo. Bima ikaandika kwamba aliyepona hana dai.

Kabla ya kiangazi daktari alipiga simu. Alikuwa ameuona moto ule: umekaa kwenye ukuta wa ghorofa ya tatu ya hospitali, karibu na dirisha, umetulia. Je, Sjur anautaka?

Sjur akasema hapana, ila akauliza kama unasumbua watu.

"Hata kidogo. Wauguzi wanakaushia viatu."

"Na wanajua ni wa nani?"

Daktari akasema aliandika jina lake kwenye daftari la jengo, lakini mafundi walilifuta, wakaandika: hitilafu ya bomba la maji ya moto.