Tiketi Yenye Tundu la Nyota

Vile vitabu vilifika dukani asubuhi, na kabla ya saa sita mchana Bi Tiketi alikuwa ameshavichukia.

Duka lenyewe ni chumba kimoja mlangoni mwa makumbusho ya meli na reli. Mgeni hatoki bila kukipitia, atake asitake. Upande wa dirisha kuna meli ndogo zilizotiwa ndani ya chupa, nanga za shaba za kukandamizia karatasi, na vishikio vya funguo vyenye umbo la mnara wa taa. Upande wa ukuta kuna vitabu: historia ya bandari, picha za treni za makaa, ramani za njia za reli ambazo siku hizi ni majani matupu. Katikati kuna kaunta, na nyuma ya kaunta, kwa miaka kumi na sita sasa, kuna Bi Tiketi. Jina hilo alilipata kwa kazi moja ambayo haruhusu mtu mwingine aiguse. Kila anayenunua kitu hupewa tiketi ya ukumbusho, kikaratasi kigumu kama zile za zamani, naye huikata kwa koleo la chuma. Kacha! Linatoka tundu dogo lenye umbo la nyota.

Koleo hilo lilikuwa la baba yake. Baba alikuwa mkagua tiketi, na kwenye reli yao kila mkagua tiketi alikuwa na tundu lake, ili ijulikane nani kaikagua ipi. Mmoja alikata mwezi, mwingine pembe tatu, baba alikata nyota. Maelfu ya wageni wameondoka pale na nyota ya baba, lakini Bi Tiketi hajawahi kujikatia hata moja. Yake alishakatiwa na baba mwenyewe, akiwa na miaka saba. Ilipotea walipohama nyumba. Alimshuku shangazi yake kuwa aliitupa na takataka, akamnunia miaka miwili mizima.

Sasa turudi kwenye vitabu. Vilimhusu mkagua tiketi mmoja wa zamani, na aliyeviandika alikuwa mdogo wake wa pekee, Kitinda.

Kitinda! Yule yule aliyebebwa na Bi Tiketi mgongoni mpaka mgongo ukaota joto la kudumu, aliyefuliwa nepi, aliyefundishwa kufunga kamba za viatu. Baba alipofariki, Kitinda alikuwa anatambaa. Anatambaa, jamani! Mtu anayetambaa anamjua nani? Kwenye simu alikuwa amesema tu, "Dada, naandika kitu kidogo kuhusu baba, nataka ukione kikiwa tayari." Kumbe kitu kidogo ndiyo hiki, chenye jalada gumu na picha ya kichwa cha treni kinachong'aa.

Alikifungua akiwa bado amesimama. Jina lake alilipata kwenye ukurasa wa shukrani, mstari mmoja, kati ya mpiga chapa na jirani aliyeazimisha kompyuta. Akaendelea kusoma. Kwenye sura ya pili akakuta hivi: "Kila adhuhuri nilimpelekea baba chakula stesheni, kwenye bakuli la mfuniko wa bluu. Nilikuwa sina meno mawili ya mbele. Siku moja akanikatia tiketi yangu mwenyewe, akaniambia: Hii haina mwisho wa safari."

Bi Tiketi alikaa chini. Bakuli lile alilibeba yeye. Mapengo yale yalikuwa ya mdomo wake yeye. Na maneno ya baba, yale ambayo hakuwahi kumwambia hata marehemu mume wake, yamechapwa hapa chini ya jina la mtu mwingine! Akageuza ukurasa. Palikuwa na picha ya tiketi yenyewe. Aliitambua kwa doa la chai kwenye kona, chai aliyoimwaga yeye.

"Mwizi," akasema kwa sauti. "Mwizi niliyemlea mwenyewe."

Tuseme ukweli, haikuwa hasira peke yake. Ilikuwa wivu, wivu mbichi, unaokaa kooni na kukataa kushuka. Kitinda alisomeshwa, Kitinda alisafiri, Kitinda akiongea watu wananyamaza. Haya yote Bi Tiketi alimwachia, na mengine alimlipia kwa mikono yake. Lakini baba? Katika watoto wote wawili, ni yeye tu aliyekuwa na baba wa kumkumbuka. Hicho ndicho kitu pekee alichomzidi mdogo wake, na sasa nacho kimechukuliwa.

Basi akafanya jambo la kitoto. Alivirudisha vitabu vyote kwenye maboksi yake, akayasukuma chini ya kaunta, akarundika juu yake meli za chupa zilizovunjika milingoti. Mgeni wa kwanza aliyeulizia kile kitabu kipya cha mkagua tiketi aliambiwa, "Vimekwisha." Wa pili, "Pole sana, umechelewa kidogo." Kufikia Jumatano uso wake ulikuwa umezoea kabisa. Alisema "vimekwisha" huku akifuta vumbi kwenye nanga, na kila aliposema alihisi nafuu kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Alichosahau ni mkuu wa makumbusho. Huyu alikuwa bwana mwepesi wa kufurahi, mtu wa kutazama rafu na si daftari. Alipita dukani Alhamisi, akaona pengo, akapiga makofi.

"Siku nne tu vimekwisha? Bi Tiketi, haijawahi kutokea! Hata kitabu cha meli iliyozama hakikwenda hivi. Mdogo wako lazima aje. Jumamosi tunamfanyia hafla hapa hapa dukani, nami nitaagiza vingine."

"Hafla ya nini tena?" Bi Tiketi akauliza.

"Ya kumpongeza!"

Loo. Alitaka kumzima mdogo wake, akamwashia taa.

Jumamosi viti ishirini vilipangwa kati ya chupa na ramani. Kitinda aliingia na gauni la kijani na miwani mipya, akaenda moja kwa moja kwenye kaunta. "Shikamoo dada." "Marahaba," Bi Tiketi akaitikia, mkavu kama karatasi ya tiketi. Kitinda akamkumbatia hivyo hivyo, juu ya kaunta, akiangusha vishikio vya funguo vitatu.

Alisoma sura ya pili. Angesoma nyingine yoyote, lakini hapana, ile ile! Watu walisikiliza vichwa vimeinama. Alipofika kwenye mapengo wakacheka kwa upendo, na Bi Tiketi akahisi ulimi wake ukigusa meno yake ya mbele kana kwamba unahakikisha yapo. Kwenye kiti cha mbele kabisa alikaa mzee mmoja mwenye fimbo, stesheni masta mstaafu, aliyefanya kazi na baba yao. Usomaji ulipoisha akainua fimbo.

"Mwanangu, nimefurahi mno," akasema. "Yule mtoto wa bakuli namkumbuka vizuri. Alikuwa na kiburi! Alikuwa anamgombeza baba yake mbele za abiria: nawa mikono kwanza! Sisi wote tunanawa naye. Kumbe ndiye wewe?"

"Ndiye mimi," Kitinda akasema akicheka.

"Ni mimi!"

Bi Tiketi hakujua kuwa amesimama mpaka aliposikia sauti yake ikigonga chupa. Watu wote waligeuka. Basi, maji yameshamwagika, akaendelea: "Ni mimi niliyekuwa nikisema nawa mikono. Bakuli nilibeba mimi, mapengo yangu mimi, tiketi yangu mimi! Huyu alikuwa hajazaliwa. Baba anakufa, huyu anatambaa. Mwambieni awaonyeshe hiyo tiketi aliyoniibia."

Mkuu wa makumbusho alitafuta cha kutazama, akaitazama ramani. Kitinda alikuwa amebadilika sura. Midomo ilikuwa inamtetemeka, na Bi Tiketi, licha ya ghadhabu yote, aliitambua ile midomo. Ilikuwa hivyo hivyo alipokuwa na miaka minne.

"Dada," Kitinda akasema polepole, "lakini wewe ndiye uliyeniambia."

"Nikakwambia nini?"

"Kwamba nilikuwa nambebea chakula, na maneno aliyoniambia. Ulinisimulia kila nilipolia. Ulisema nilikuwa mdogo ndiyo maana sikumbuki vizuri, na mwaka aliofariki hakuna aliyewahi kuniambia." Alifungua mkoba, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha, tiketi. "Na hii ulinipa wewe."

"Sijakupa mimi."

"Geuza nyuma."

Bi Tiketi akaigeuza. Nyuma ya tiketi kulikuwa na maneno ya penseli, yaliyofifia, yameandikwa kwa herufi kubwa za mtoto wa shule aliyekandamiza sana: YA KITINDA. BABA KAKUKATIA. USILIE.

Ule mwandiko ulikuwa wake.

Na hapo ndipo siku ile ilipomrudia. Watoto wa jirani walikuwa wamemwambia Kitinda kwamba yeye hana baba na hajawahi kuwa naye. Kitinda akalia tangu asubuhi mpaka akaanza kukohoa. Mama yuko kazini, uji unaungua, na yeye mwenyewe ana miaka kumi na miwili na hajui la kufanya. Akachukua kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, akaandika nyuma yake, akampa. Mtoto akanyamaza. Yeye akarudi kuupakua uji, na mtoto anayelea mtoto mwenzake husema na kufanya mengi kwa siku, hawezi kuyakumbuka yote. Miaka miwili ya kumnunia shangazi wa watu, bure!

Stesheni masta alikuwa bado anangoja. "Sasa ni yupi?" akauliza. "Macho yangu ndiyo haya."

Kitinda alisema haraka, "Ni dada. Nitabadilisha kitabu. Chukua tiketi yako, dada."

Bi Tiketi aliishika ile tiketi. Aliitaka. Asiongope mtu, aliitaka mpaka vidole vikauma. Kisha akairudisha ndani ya bahasha.

"Imeandikwa ya nani?" akasema. "Hiyo si yangu. Ila kwenye kitabu andika ukweli wote, na hilo la kunawa mikono uliweke."

Halafu akainama, akasukuma meli zilizovunjika, akaburuta maboksi mawili hadi katikati ya sakafu. Mkuu wa makumbusho akayainamia.

"Si vilikwisha? Na nilivyoagiza havijafika!"

"Nilivificha," Bi Tiketi akasema. "Nilikuwa na wivu. Bado ninao, kwa hiyo mnunue haraka."

Watu wakacheka, wakapanga foleni. Bi Tiketi alikata tiketi moja baada ya nyingine, kacha, kacha, mpaka mstari ukaisha na Kitinda akawa amebaki peke yake mbele ya kaunta. Badala ya kupokea tiketi, alinyoosha mkono kuliomba koleo. Miaka kumi na sita hakuna aliyelishika. Bi Tiketi akampa.

Kitinda alichukua kikaratasi kipya, akakibana, akakata katikati kabisa, nyota ikatoboa picha ya treni tumboni.

"Umeiharibu," Bi Tiketi akasema. "Ndivyo baba alivyokuwa akikata?"

"Sijui," Kitinda akasema, macho yamejaa. "Mimi simkumbuki, dada. Wewe unamkumbuka. Maisha yangu yote nimekuonea wivu kwa hilo."

Bi Tiketi akazunguka kaunta, akasimama nyuma yake kama alivyokuwa akisimama kumfundisha kufunga kamba, akamshika mkono wenye koleo.

"Pembeni," akasema. "Kidole gumba juu. Baba alikuwa anakata pembeni."

Kacha.

Ile iliyoharibika Bi Tiketi aliitia mfukoni mwake.