Mafuta ya Maganda ya Kamba

Mke wa mwanetu alikula kuku aliyepikwa juu ya bamba lililopakwa mafuta ya kamba, na kamba ndicho kitu pekee alichotuambia hali. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuficha. Aliyataja maradhi yake mbele yetu, watu wazima tukisikia, na bado.

Kwanza nieleze bamba, kwa kuwa nililitengeneza mimi. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Shule niliiacha mapema nikashika chuma, na chuma hakijawahi kuniuliza cheti. Kaka yangu alikuwa mpishi katika hoteli moja iliyokuwa na upande wa chakula cha Kijapani, kile kinachopikwa mbele ya mteja juu ya chuma kipana chenye moto chini. Mteja anakaa, mpishi anasimama, kati yao ni chuma. Nyama inakatwa hapo, wali unakaangwa hapo, yai linarushwa juu na kudakwa kwa ncha ya mwiko. Kaka aliifanya kazi hiyo mpaka mvi zikamwota, na mtaani wakamwita Mjapani. Japani yenyewe hajafika. Ujapani wake ulianzia mlango wa nyuma wa hoteli ukaishia kwenye kabati la kubadilishia nguo.

Halafu hoteli ikaufunga ule upande, wapishi wakaambiwa asanteni. Kaka akakaa nyumbani akikata vitunguu vya mkewe kwa mbwembwe, kisu kikipiga ngoma kwenye ubao, mpaka mkewe akamfukuza jikoni. Ndipo akaja karakana kwangu.

"Dogo, nataka chuma."

"Cha nini?"

"Cha kupikia. Nikiweke uani. Watu waje wale kama walivyokuwa wanakula hotelini."

"Na wakifika wakakuta ni wewe tu?"

"Ndiyo watakula vizuri. Hotelini kulikuwa na meneja."

Nikamtengenezea. Bamba nene, ukubwa wa nusu ya mlango, miguu minne ya bomba, njia tatu za gesi chini yake, na mfereji kwa mbele wa kukusanya mafuta. Nililisugua kwa grenda mpaka likang'aa. Lakini chuma kipya hakipikiwi hivihivi. Kinashika chakula kama gundi. Lazima ukipake mafuta, uyachome mpaka yakauke yawe ngozi, upake tena, uchome tena, hadi kiwe cheusi tii na yai liteleze lenyewe. Na ngozi hiyo haioni sabuni. Ukiiosha kwa sabuni umeichuna. Bamba likiwa moto unamwagia maji, mvuke unapanda, unakwangua, unafuta, unapaka mafuta kidogo, basi.

Hayo kaka aliyajua kuliko mimi. Ambacho mimi sikukijua wakati ule ni mafuta gani aliyapaka. Kule hotelini mpishi mkuu wao alikuwa na desturi ya kukaanga maganda na vichwa vya kamba, hawa kamba wa baharini wenye ndevu, kisha anayachuja yale mafuta na kulishia chuma, ili kila kitakachopikwa juu yake kipate utamu ambao mteja hajui umetoka wapi. Ilikuwa siri ya kazi. Kaka aliondoka nayo kama mtu anavyoondoka na kisu chake. Wiki nzima, kila jioni, alikuwa uani na kopo lake na kitambaa, anapaka, anachoma, anapaka. Asubuhi ya Jumapili akapaka mkono wa mwisho wa mafuta hayo. Majirani walisifu harufu.

Jumapili hiyo alituita. Alikuwapo kijana wake wa pekee, fundi umeme, pamoja na mkewe. Binti yule alikuwa mshonaji, mtu wa maneno machache, hasa akiwa ukweni, na alikuwa na mimba ya miezi sita. Mjukuu wa kwanza. Kaka alishamwambia kila mtu mpaka muuza gesi.

Shemeji, mke wa kaka, alikuwa amepanga viti kuzunguka bamba. Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na kuku aliyekatwa, uyoga, karoti, vitunguu, wali wa jana uliopoa, na bakuli la kamba waliomenywa. Binti aliliona bakuli kabla hajaketi.

"Baba, samahani," akamwambia kaka. "Mimi kamba sili. Nikila, koo linafunga. Niliwahi kulazwa nikiwa shule."

"Linafunga vipi?" shemeji akauliza.

"Linavimba, mama. Sipati pumzi."

"Mimba hiyo. Mimi ya huyu mumeo nilichukia samaki, nikachukia sabuni, nikamchukia na baba yake. Ikapita."

"Kumbe ilipita?" kaka akasema. Tukacheka.

"Si mimba, mama," binti akasema. "Tangu utotoni."

Shemeji akanigeukia mimi. "Watoto wa siku hizi wana miiko kuliko mganga."

Mimi sina adabu ya kuzungusha maneno. Nikamwambia kaka, "Toa kikaango ndani, umpikie kuku wake jikoni. Mambo yaishe."

"Kikaango? Wiki nzima nalea hili bamba, halafu mkwe wangu ale kwenye kikaango kama mgonjwa?"

"Hotelini mteja akisema hivyo mlikuwa mnafanyaje?"

"Alipikiwa jikoni ndani. Hizo mbwembwe za wenye pesa, dogo. Analipa, anabembelezwa." Akamgeukia binti, na hapo sauti yake ikawa laini. "Mwanangu, sikiliza. Kuku wako nampika wa kwanza, kabla kamba hajatoka kwenye bakuli. Miko hii ni mipya, tazama, ina karatasi ya dukani. Mafuta haya nayafungua mbele yako. Uko radhi?"

Binti akalitazama bamba. Lilikuwa linameta kama jiwe lililotoka majini.

"Halijapikiwa kamba hili?"

"Halijapikiwa kitu chochote. Wewe ndiye unalifungua."

Na hakusema uongo. Mtu akiniuliza leo kama kaka yangu alidanganya nitasema hapana. Kamba hakuwa amepikwa juu ya bamba lile. Alikuwa amepakwa, na kwa kaka mafuta yale hayakuwa tena kamba. Yalikuwa sehemu ya chuma, kama rangi ilivyo sehemu ya geti.

Mumewe akamshika bega. "Baba anaijua kazi yake."

Binti akasema, "Sawa, baba." Ulitaka aseme nini? Mkwe kasimama na mwiko, kavaa kofia ndefu nyeupe ya kazini aliyoipiga pasi mwenyewe, watu wote wanangoja.

Kaka akawasha gesi. Nikiri kwamba sijawahi kumwona vile. Pale chumbani kwake alikuwa mzee anayekohoa. Mbele ya bamba mgongo ulinyooka. Kuku alishuka kwenye mafuta, akalia, miko miwili ikamkata vipande bila hata kumtazama. Alipanga duara za kitunguu zikawa mlima mdogo, akamimina maji katikati, moshi ukatoka kileleni. Akarundika wali wa binti ukawa umbo la moyo, akaingiza mwiko chini yake, akawa anauinua na kuushusha, moyo ukawa unadunda. "Huyu ni mjukuu wangu," akasema. Shemeji akapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Binti alipewa sahani yake. Akala kipande, akasema ni kitamu. Akala cha pili. Cha tatu alikitafuna polepole, akaweka uma chini na kujikuna mdomo.

"Baba, humu mmetia nini?"

"Kuku, chumvi, soya, kitunguu saumu."

"Mdomo unawasha."

"Tangawizi hiyo," shemeji akasema.

Alisimama. Kope zilikuwa zimeanza kujaa, na shingoni palitoka madoa mekundu yaliyoungana nikiyatazama. Akataka kusema jambo, sauti ikatoka kama ya mtu mwingine, nzito, ya kukwaruza. Mumewe alikuwa bado anatabasamu, hakuwa ameelewa.

"Mleteeni maziwa," shemeji akasema.

"Maziwa ya nini," nikamwambia. "Hapumui. Mbebeni."

Tulimtia kwenye gari langu la mizigo. Nyuma kulikuwa na vyuma vya geti la mtu, vikawa vinagongana njia nzima. Kijana alikaa kati, binti mlangoni, dirisha wazi, anavuta hewa nayo haiingii. Unasikia mluzi tu, mwembamba, na unasubiri unaofuata. Kucha zake zilimchana kijana mkono. Mkono wake mwingine ulikuwa tumboni, na haukutoka pale hata alipolegea. Kwenye mzunguko magari yalikuwa yamesimama. Nilipanda ukingo wa barabara, nikapita juu ya bustani ya manispaa. Alipofika mlango wa dharura midomo ilikuwa imebadilika rangi, na ule mluzi sikuusikia tena.

Walimchukua. Kaka na shemeji walifika na teksi, kaka bado kavaa ile kofia. Nikamwambia avue. Akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka magotini.

Tulikaa kwenye benchi. Akatoka daktari, mwanamke kijana aliyechoka.

"Ana mzio. Wa nini, mnajua?"

"Kamba," kijana akasema.

"Amekula kamba?"

"Hapana. Hakuwagusa kabisa. Baba alimpikia kuku, peke yake, vyombo vipya."

"Amekula kuku tu? Hakuna kingine? Nahitaji kujua, maana dawa inashika halafu inaachia."

Shemeji akasema haraka, "Kuku tu, daktari. Pengine ni tangawizi."

Nilimtazama kaka. Alikuwa anaipindapinda kofia. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu yeyote duniani aliyejua lile kopo lilikuwa na nini isipokuwa yeye, na mtaani wangesema ni kuku wa siku hizi, wanadungwa madawa. Nilimwona akilifikiria hilo. Nimemjua tangu utoto, najua uso wake ukifikiria njia ya kutokea.

"Bamba," akasema.

"Bamba nini, baba?" kijana akauliza.

"Nililipaka mafuta ya maganda. Maganda ya kamba. Wiki nzima." Akaishika kofia kwa mikono miwili. "Na leo asubuhi."

Daktari alirudi ndani akikimbia. Shemeji aliweka khanga mdomoni.

Kijana alisimama mbele ya baba yake. Nilidhani atampiga, na nisingemzuia. Alikuwa na michirizi ya damu mkononi, kucha za mkewe.

"Alikuuliza," akasema.

"Mwanangu, sikudhani..."

"Alikuuliza mbele yangu, halijapikiwa kamba? Mimi nikamwambia baba anaijua kazi yake."

Kijana akaenda kukaa benchi la upande wa pili, na tukabaki hivyo, ukoo mmoja mabenchi mawili, mpaka daktari alipotoka tena. Safari hii alitembea polepole. Alimwita kijana peke yake.

Gharama ilikuwa hii. Binti alikula vipande vitatu vya kuku na wali kidogo. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikosa hewa tumboni muda ambao mama yake aliikosa, na alizikwa bila jina. Mama yake alipona, ila mpira wa kupumulia waliompitisha kooni uliharibu sauti, na ya zamani haijarudi. Kijana alihamia upande mwingine wa mji, na baba yake hajui nyumba. Shemeji ana mwana mmoja, anamwona sokoni, kwa miadi, na mkwewe hajamwona tena. Kaka alikuwa na kazi moja aliyoijua duniani, na sasa hata chai anachemshiwa. Bamba nililikata kwa grenda, likatoa vipande sita.