Herufi za Kidole Gumba

Jumapili asubuhi mitaa ya Salt River hunukia iliki, na hata mgonjwa hana udhuru wa kulala. Igshaan alikuwa ametoka kununua koesister kwa jirani, yale maandazi ya kuchovywa kwenye shira na kunyunyiziwa nazi. Akayatua mezani, kisha akakaa kitandani miguuni pa mkewe, kama alivyofanya kila siku tangu jasi ya mguuni itolewe.

"Haya, mwalimu," alisema. "Ubao uko tayari."

Shanaaz akanyoosha mguu. Mtaalamu wa viungo alikuwa amemwagiza aandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, mara tatu kwa siku, ili kifundo kisikakamae. Mama mkwe alipopata habari alitoa sharti moja tu: "Andika hizo za shule. Alif na be usiniandikie kwa mguu, nitakutoa humu na magongo yako." Igshaan ndiye aliyeigeuza kazi ile kuwa mchezo. Mke anaandika neno, mume analisoma. Jana aliandika "chai", akaletewa chai. Akaandika "bega", akakandwa bega. Mke mwingine angetamani kuumwa mwezi mzima zaidi, na Shanaaz, Mungu amsamehe, alishawahi kutamani.

Aliumia wiki tisa nyuma, kwenye jumba la mchezo wa kupanda kuta kwa kamba, lililokuwa zamani kiwanda cha nguo. Kwa miaka saba walikwenda kila Jumatano: mmoja anapanda, mwenzake yuko chini ameshika kamba. Kabla hujaugusa ukuta, mwenzako lazima alitazame fundo la kiunoni mwako na kulivuta. Ndiyo adabu ya pale, na ndoa haikuondolei. Siku ile Igshaan alitazama, akavuta, akasema sawa. Shanaaz akapanda hadi kimo cha paa la nyumba, akaegemea nyuma ateremshwe, na kamba ikachomoka.

"Nililitazama kwa macho yangu haya, nisione," Igshaan alimwambia kila mtu, hospitalini, msikitini, hata kwa muuza samaki. Akaenda kupima macho. Daktari akamwambia ni mazima, naye hakumwamini, akajinunulia miwani dukani. Akitoka barazani husimama kusoma namba za magari kwa sauti, kujijaribu. Alikuwa dereva wa basi la shule, watoto arobaini kila asubuhi. Na sasa pale mezani, kando ya sahani ya koesister, ilikuwapo barua aliyoiandika jana. Kesho angeipeleka kazini: anaacha usukani, apewe kazi ya kuosha mabasi.

"Mtu asiyeona fundo lililo mbele ya pua yake atamwonaje mtoto barabarani?" alikuwa amesema, na hakuna aliyembishia.

Shanaaz angeweza kumbishia. Fundo alilolitazama mumewe lilikuwa zima. Igshaan alipoinama kufunga kamba za viatu vyake, Shanaaz aliona mkia wa kamba ya kiunoni mwake umezidi urefu, akalifungua fundo ili alifunge upya. Hapo akaja Berenice, rafiki yao, kumuuliza unga wa koesister hutiwa tangawizi kiasi gani. Akamjibu, wakacheka, akapanda na fundo nusu. Mwanzoni alinyamaza kwa maumivu, baadaye kwa aibu. Na baada ya hapo, tusidanganyane, alinyamaza kwa sababu ya supu na kukandwa bega.

Aliitazama ile barua. Kisha akaanza kuandika.

"N," alisoma Igshaan. "A? Hapana, I. L. I. Nili... Nilikupenda? Kwani sasa hunipendi tena?"

Shanaaz hakucheka. Kifundo kilikuwa kimeanza kuuma, lakini aliendelea.

"F, U... Nilifungua. Ulifungua nini, bibie? Dirisha?"

Mguu ukatetemeka. Igshaan akaushika kisigino kuutuliza, akasoma polepole: F, U, N, D, O. Akaacha kutabasamu.

"Baada ya wewe kulitazama," Shanaaz alisema, kwa mdomo sasa, maana hili halikuwa la kumwachia mguu. "Lilikuwa zima, Igshaan. Uliona sawasawa. Nililifungua mwenyewe, nikapiga soga, nikapanda."

Igshaan akaulaza mguu godoroni, taratibu, ila hakuuweka juu ya mto kama siku zote. Akavua miwani.

"Wiki tisa," alisema, akatoka nje.

Shanaaz alisubiri. Alipoona hasikii kitu, alizoa barua na sahani, akatoka. Igshaan alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza, uso umelowa, anasoma namba za magari yaliyoegeshwa, moja baada ya nyingine, mpaka la mwisho kabisa kule msikitini.

"Lile jeupe naliona," alisema bila kugeuka. "Naliona mpaka tarakimu ya mwisho."

"Najua. Nisamehe, mume wangu."

"Nilikuwa nikiwahesabu wale watoto wakishuka, nawahesabu tena, na bado siamini. Nawe ulikuwa unanitazama tu."

"Nilikuwa nakutazama."

"Nimekasirika, Shanaaz. Sijui itanitoka lini."

"Kasirika. Nipo."

Akageuka. Akaitazama miguu ya mkewe, yote miwili, imekanyaga sakafu.

"Magongo yako wapi?"

Shanaaz naye akainama kutazama. "Ndani," alisema. "Nimeyasahau."

Igshaan akasogea, akamwachia nafasi kwenye ngazi. Mkewe alipokwisha kuketi, Igshaan aliuchukua ule mguu akauweka mapajani mwake. Akala koesister moja, bila haraka. Kisha akaichukua barua mkononi mwa mkewe, akaifutia vidole vyake vyenye shira, kimoja kimoja.