Kiti cha Msikilizaji

Nanok alikuwa mtu wa kuamini maoni ya watu asiowajua. Hata waya wa kuchajia simu hakununua kabla ya kutazama video, kusoma waliousifu na walioukandia, kisha kuja kuwahutubia wenzake kana kwamba yeye ndiye aliyeutengeneza. Kwa hiyo ilipotangazwa kuwa wiki ya vijana ya kaunti mwaka huu itakuwa na mashindano ya gemu, na kwamba kila timu ije ukumbini na vifaa vyake vya sauti, hakuna aliyeuliza nani atachagua.

Chumba chake cha gemu kilikuwa mtaa wa Bulla Pesa mjini Isiolo, nyuma ya kinyozi. Upande mmoja palikuwa na plestesheni za mpira, na hizo ndizo zilizolipa kodi ya nyumba. Upande wa pili palikuwa na kompyuta kuukuu zilizonunuliwa mnadani, na hizo ndizo alizozipenda. Hapo ndipo timu yake ilipochezea gemu la kuviziana kwa bunduki ndani ya majengo, gemu ambalo mwenye kusikia hatua za adui kwanza ndiye anayebaki hai.

Timu ilikuwa ya watu watatu. Nanok alikuwa kapteni, kwa sababu chumba kilikuwa chake. Etabo, fundi wa pikipiki, alikuwa na shabaha nzuri na mdomo usiotulia. Wa tatu alikuwa Abiba, msichana kutoka kijiji cha Korbesa aliyeuza madira na mitandio sokoni, na yeye ndiye aliyekuwa masikio yao. Aliketi kimya, macho kwenye kioo, kisha akasema, "Wawili, kushoto, wanapanda ngazi," na kweli wakatokea wawili, kushoto, wakipanda ngazi. Hakuwahi kuwadanganya.

Alikuwa na mtindo wake. Hakutulia akatazama mbele kama wengine. Kila alipotembea alimgeuza mtu wake kulia, kushoto, kulia tena, bila kuchoka. Etabo aliuiga mtindo huo akidai unachangamsha damu. Baada ya Etabo wakaiga vijana wengine, mpaka ukiingia chumbani ukawakuta wote wanageuka-geuka kama mbuzi anayefukuza nzi. Abiba aliwatazama, akaendelea kucheza.

Wako waliomwona ana madharau. Kiti chake kilikuwa cha mwisho kushoto, karibu na mlango, na mtu akiingia akamsalimu, mara nyingi hakuitikia. Nanok hakujali. Mtu anayekuonyesha adui kabla hujamwona, mwache aringe anavyotaka.

Basi Nanok akachagua vifaa, na kuchagua kwenyewe kukawa mhadhara wa wiki nzima. Hedifoni zenye matundu nyuma alizikataa: zina sauti nzuri, lakini zitaingiza ngurumo za jenereta ya kinyozi. Zisizo na waya alizikataa vilevile, kwa sababu stima ya Isiolo haitabiriki na betri haina huruma. Zenye mito ya ngozi bandia zingewachemsha masikio kwa joto hili, na baada ya miezi michache zingeanza kubambuka na kuwaachia vipande vyeusi mashavuni. Akaamua zilizofunikwa nyuma, zenye mito ya kitambaa, pana za kutosha kukaa juu ya mtandio wa Abiba na juu ya kichwa cha Etabo, ambacho kilikuwa tatizo jingine kabisa.

Hapo wote walikubaliana. Walikubaliana pia kwamba wanahitaji kadi ya sauti ya nje, ile ndogo ya kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, kwa sababu kadi za ndani zilikuwa na mkwaruzo: ukisogeza mausi, unasikia kama panya ndani ya ukuta. Ubishi ulizuka kwenye aina. Kulikuwa na kadi ya kawaida, kulia na kushoto basi, na kulikuwa na nyingine yenye kitufe cha sauti ya kuzunguka, inayokufanya umsikie adui mbele, nyuma, na hata juu ya paa.

"Nunua ile ya kawaida," alisema Abiba.

"Kwa nini?"

"Inatosha."

"Manze, si ungetupatia sababu?" Etabo alicheka. "Wewe ndio uko na masikio ya maana hapa, halafu unataka kitu ya bei ya chini?"

Abiba alikunja waya wa hedifoni yake ya zamani, akaukunjua. "Inatosha," akarudia. Nanok alilichukulia neno hilo kama woga wa mtu wa shamba kwa kitu kipya, akaagiza zenye kitufe. Vifurushi vilikuja na basi la kutoka Nairobi, naye akaviweka mezani kwa adabu zote, hata kinyozi akaitwa aje kuona.

Walipobonyeza kitufe, Etabo aliruka kitini. Alisema amesikia mtu anampumulia shingoni. Nanok mwenyewe alijikuta amegeuka kutazama ukuta, akafurahi mno, maana fedha walizochanga wenzake zilikuwa zimekwenda pale kwa neno lake. Abiba alivaa za kwake, akaanza kucheza, akauawa mara moja. Akaanza tena, akauawa kutoka kushoto. Alisema adui yuko kulia, na adui akatokea nyuma yao akawamaliza wote.

Jioni iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata hiyo ikazidi. Sasa aligeuka-geuka hata akasahau kutembea, na jasho lilimtoka chini ya mtandio.

"Zima hicho kitufe, Nanok."

"Hicho kitufe ndicho tulichonunua. Utazoea."

Hakuzoea. Kukawa na maneno chumbani, kisha kukawa na Hirsi. Huyu alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa ngamia, mwenye plestesheni yake nyumbani na hedifoni nzuri kuliko zote mjini, naye alikuwa ameanza kupitia pale mara kwa mara kutazama. Siku moja Nanok alimwambia ajaribu. Kwa Hirsi sauti ya kuzunguka ilikuwa kama amezaliwa nayo. Alitaja adui wa juu, wa chini, wa nyuma ya mlango, na timu ikashinda kwa mara ya kwanza tangu vifurushi vije.

Majina ya wachezaji yalitakiwa kesho yake. Nanok alijua la kufanya na hakuwa na moyo wa kulifanya. Alimpenda Abiba, alimheshimu, na zaidi ya hayo alimwogopa kidogo. Alitumaini Abiba atasikia habari kwa mtu mwingine sokoni, akasirike huko huko, aje akiwa amepoa.

Abiba alikuja alasiri, na Hirsi alikuwa kitini mwake, hedifoni kichwani, mbali kabisa na dunia.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam," aliitikia Nanok, akijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Etabo aliona hiyo ndiyo saa ya kukagua nyaya, akainama nyuma ya kompyuta, hatua moja tu kutoka kwao.

Abiba alimtazama Hirsi, kisha akavuta kibao akaketi. "Kama umeamua, Nanok, niambie mwenyewe. Lakini njoo uniambie ukiwa upande huu." Alimwonyesha kushoto kwake. Kisha akaliziba sikio la kulia kwa kiganja, juu ya mtandio, akainamisha macho sakafuni.

Nanok hakuelewa, lakini mtu aliyebanwa hufanya anachoambiwa. Akazunguka, akachutama kushoto kwake, na kwa kuwa alikuwa amechoka na kujificha, akayasema yote kwa mkupuo, kwa sauti ya kawaida.

"Abiba, nimeamua Hirsi ndiye atacheza. Wewe masikio yako imekwisha, na mimi siwezi aibika mbele ya kaunti nzima juu yako."

Baada ya kuyasema aliona yalivyo mabaya. Alingoja amtukane. Abiba alikaa vilevile, macho chini, kiganja sikioni.

"Sema basi," alisema. "Nangoja."

Etabo aliinuka nyuma ya kompyuta na waya mkononi.

Abiba akaushusha mkono, akamtazama usoni. "Umeshasema, ama?"

"Nimesema."

"Basi umeona." Alisema polepole, bila kulia. "Hii sikio ya kushoto haijasikia kitu tangu nikiwa mtoto. Na ile hedifoni ya zamani, adui akiwa kushoto, huku kulia kunanyamaza kabisa. Nikisikia kimya nageuka, na nikigeuka naye anaingia sikio mzima. Ndiyo maana nageuka kila saa. Hii kadi yako inapeleka kila mtu kila mahali. Hakuna kimya tena. Sijui mtu ako wapi."

"Ngoja," alisema Etabo. "Kwa hivyo mimi mwaka mzima nimekuwa nikigeuka-geuka ya nini?"



"Ungetuambia," alisema Nanok.

"Korbesa walikuwa wananiita Kiziwi. Hata shule, hata kisimani, mpaka watoto wadogo hawakujua jina langu. Hapa mjini naitwa Abiba." Alifunga mtandio wake vizuri. "Nilipenda hivyo."

Nanok alibaki amechutama. Alikumbuka wote walioingia mlangoni wakasalimu bure, na jinsi yeye mwenyewe alivyowaacha wamwite mwenye madharau. Aibu ilimpanda, aibu ya kweli sasa, si ile ya kuiogopa kaunti. Na juu ya aibu hiyo alisikia maneno yake bado yananing'inia pale kushoto, yamesikiwa na Etabo lakini si na mwenye kuambiwa.

"Sasa ulikuwa unasema nini?" aliuliza Abiba. "Nilikuwa nimeziba, sikusikia hata neno."

Nanok alimtazama Etabo. Etabo alimtazama Nanok, kisha kwa mara ya kwanza tangu wajuane akanyamaza, akarudi kwenye nyaya zake.

Nanok akainuka, akazunguka nyuma ya kibao, akachutama upande wa kulia.

"Nilisema nitazima kitufe," alisema. "Na kesho napeleka jina lako."

Abiba alimwangalia kwa muda mrefu kuliko Nanok alivyopenda. "Ulisema maneno mengi kuliko hayo," alisema. "Niliona miguu yako ikihangaika."

"Nilisema hayo tu."

"Sawa."

Nanok alikwenda mezani, akabonyeza kitufe kikazima taa yake, kisha akamgonga Hirsi begani ili ainuke.