Sukari Juu ya Soseji

Siku nilipokuta sukari juu ya soseji, nilikaa juu ya gunia la unga.

Anayetaka kucheka acheke. Sisi Wacheki wa Texas tunaoka vitu viwili asubuhi, na hata mtoto mdogo hawezi kuvichanganya. Kuna kolache, mkate mtamu wa matunda, ambayo juu yake tunanyunyiza posipka, zile chenga za siagi, sukari na unga. Halafu kuna klobasnek, mkate mdogo laini uliofungia soseji ya moshi, jibini na pilipili. Hiyo haiguswi na sukari. Heri mtu akose misa ya Pasaka. Na mbele yangu palikuwa na trei nzima ya klobasnek, zimenyunyiziwa posipka kwa ustadi kabisa.

"Nani kafanya hivi?" niliuliza, ingawa jikoni tulikuwa wawili tu.

Mama yangu, Vlasta, aliyevuka miaka themanini, aliitazama trei, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Ni mimi, Leona," alisema. "Mawazo yalikuwa mbali."

Akachukua moja, akaipukuta sukari kwa kidole, akaila yote huku pilipili ikimtoa machozi. "Mbona tamu tu," alisema. "Tuwape nguruwe wa jirani Emil, leo ni Krismasi kwao."

Sikucheka. Bibi yangu, mama yake mama, alianza hivyohivyo. Alianza kwa kutia chumvi kwenye jemu ya aprikoti, akaishia kumkimbia mumewe akidhani ni mwizi. Tangu siku ile nililala na hofu na kuamka nayo.

Nikaanza kumchunguza mama, na anayechunguza hakosi la kuona. Kila nilipotoka jikoni, alikwenda kugusa swichi za jiko la gesi, moja baada ya nyingine, hata kama alikuwa ametoka kuzigusa. Kila trei iliyotoka kwenye oveni, lazima ale klobasnek moja kabla sijaipeleka mbele dukani, na daktari alishamkataza pilipili.

"Mama, umeshakula."

"Nimekula, na sasa nakula tena. Unanihesabia?"

Nilimtazama akitafuna, macho yamefumbwa.

Dukani nilijitahidi kuchangamka. Emil Janak, jirani yetu mfuga ng'ombe, alikuja kila asubuhi na kofia yake ya jasho.

"Leona, nipe zile za kuchoma ulimi."

"Zitakuua siku moja, Frank."

"Frank kaka yangu yuko makaburini siku nyingi, dada. Mimi ni Emil, yule mzuri."

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Mtu anayemchunga mama yake atapata wapi kichwa cha kukumbuka majina ya wafuga ng'ombe?

Kisha ikaja siku ya gesi. Nilitoka kupokea soseji kutoka kwenye nyumba ya kukaushia nyama kwa moshi, niliporudi jikoni pananuka mpaka kichwa kinauma. Mama alikuwa amesimama kando ya jiko, mkono uko kwenye swichi.

"Ungetuua!" nilimpigia kelele. "Ungetuua sote, mama!"

Hakubisha. Alifungua madirisha yote, kisha akaniambia taratibu, "Nisamehe, mwanangu."

Nilimpigia simu mdogo wangu Darlene, anayekaa Houston. "Njoo Jumamosi umchukue. Tafuta nyumba ya wazee huko karibu nawe, ile ambayo milango inafungwa. Mimi siwezi tena, Darlene. Naogopa." Darlene alilia, lakini akakubali.

Mama nilimwambia tukiwa mezani, tunakula klobasnek zilizobaki. Nilitegemea vita. Huyu ndiye mwanamke aliyemfukuza padri jikoni kwa kusema unga wake haujaumuka. Safari hii alitafuna tu.

"Na duka utabaki nalo peke yako?"

"Nitabaki nalo."

"Wewe na hilo jiko?"

"Mama, mimi si mtoto."

Alinishika mkono kwa nguvu kabla ya kuuachia. Niliiona hofu machoni mwake, nikadhani anaiogopa Houston.

Jumamosi nilimkataza asikanyage jikoni. Nilijifungia ndani kwa komeo. Kupitia dirishani nilimwona ng'ambo ya ua, kwenye baraza la nyumba yetu, amevaa koti la kanisani, mkoba umewekwa magotini, anamngoja Darlene. Roho iliniuma. Nikamtengenezea klobasnek za kuagana, nikazidisha pilipili kama anavyopenda. Harufu ilipojaa jikoni nilifungua oveni.

Posipka. Trei nzima.

"Mama!" Hasira ndiyo iliyotangulia. Nikageuka kumtafuta, nikaona komeo bado limefungwa. Nikatazama dirishani. Alikuwa palepale barazani.

Nikatazama mikono yangu. Chenga za siagi zilikuwa zimejaa kwenye kucha. Nilitafuta kichwani: soseji, pilipili, kufunga, kisha oveni. Hapo katikati hapakuwa na kitu. Nyuma yangu jiko lilikuwa linafoka gesi bila moto, na sikumbuki kuligusa. Nilizima.

Nadhani mama alinisikia nikimwita, maana mlango uligongwa kwa ngumi. "Leona, fungua! Gesi, Leona! Fungua!"

Nilifungua. Alikwenda kwenye swichi kwanza, akazigusa zote. Kisha akaiona trei. Kisha akaniona mimi.

"Na ile ya kwanza?" niliuliza.

"Kaa chini."

"Mama, ilikuwa ni mimi?"

"Ilikuwa ni wewe, mwanangu. Na gesi."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nilimuuguza mama yangu. Najua watu wanavyoanza kumtazama mtu." Alivuta pumzi. "Nikaona heri wanitazame mimi. Siku zangu ni chache. Nilidhani nikiwa karibu nawe, nikizima, nikionja, hakuna atakayejua. Hukunipa nafasi ya kukaa karibu."

Alichukua klobasnek, akaipukuta sukari, akaivunja katikati. Jibini lilivutika. Nusu akanipa mimi. Tulikula tumesimama, pilipili ikituchoma koo, na nilimshika mkono wa koti kama nilivyokuwa nikifanya kanisani nikiwa mtoto. Gari likaingia uani.

"Usimwambie," nilisema. "Mama, tafadhali."

"Kula kwanza."

Darlene aliingia na miwani ya jua kichwani, macho mekundu. Akatazama trei, akaziba mdomo.

"Jamani, mama," alisema. "Umeweka sukari tena?"

Mama alifuta midomo yake. Nilimwona akivuta pumzi ya kujibu, nikamtangulia.

"Si mama," nilisema. "Ni mimi."